Swali Utakaloulizwa Lusaka

Ineza mwanangu,

Nimeandika "mwanangu" kabla ya kukuomba ruhusa. Kama neno hilo linakukera, likate kwa kalamu, kisha endelea kusoma.

Habari za basi atakupa Papa Elia. Yeye ndiye anayejua mambo ya mpaka, pasipoti unampa nani, wapi unashuka kukojoa na wapi hushuki hata ukibanwa vipi. Sweta iko juu kabisa ya begi. Mimi nina jambo moja tu, na kila nikilianza kwa mdomo unaziba masikio na kukimbilia nyuma ya kabati. Basi nimechukua karatasi. Shule yangu iliishia darasa la tano kule Baraka, Kongo, yaliyobaki vita vilikula, kwa hiyo utakuta makosa. Wewe nawe unasoma kwa kidole chini ya mstari. Hakuna haraka.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili ile mtu mwenye fimbo alikuuliza kama mimi ni mama yako. Ukasema hapana. Nikapigwa. Tangu hapo hukusema nami tena. Na huko Lusaka, ukisharudi kwenye nyumba ya watoto, Mama Grace anayeisimamia na yule afisa wa ustawi watakuketisha kwenye kiti na kukuuliza karibu swali lile lile: unataka watu hawa wa Johannesburg wawe wazazi wako? Sheria inataka wakusikie wewe kwanza. Nimekuona unavyoishika shingo yako kila Lusaka ikitajwa. Nadhani unaamini kinywa chako kinaweza kuvunja mbavu za mtu. Sitaki uvuke mpaka na imani hiyo.

Lakini nikianzia pale kwenye fimbo nitasema vibaya. Acha nianzie kanisani.

Mchungaji alisimama akasema kuna binti wa Burundi huko Lusaka, ana miaka kumi, wazazi wake waliuawa Bujumbura, na mjomba aliyemkimbiza alimwacha katika nyumba ya watoto akaenda zake. Wenzake wanaongea Kinyanja na Kibemba, yeye ana Kirundi na Kiswahili, hana wa kuongea naye. Nani atampokea likizo ya Agosti, na Mungu akipenda, baadaye amchukue awe wake kabisa? Nikainua mkono. Papa Elia alikuwa kando yangu anampangusa mtoto wetu Elia kamasi. Tulipotoka nje akanivuta pembeni.

"Furaha, weye! Umeinua mkono kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Mume haulizwi?"

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema ndiyo. Lakini kesho."

"Basi nimekuokolea siku."

Tulicheka mpaka nyumbani Bellevue. Kichwani nilikuwa na mtoto wangu wa kuchora: mpole, ameketi miguuni pangu, ananiambia asante tantine, asante shangazi. Nakuambia ili na wewe ucheke.

Ulishuka kwenye basi na viatu vilivyofungwa fundo juu ya fundo, na hukuvivua. Ulikula navyo, ulilala navyo. Kesho yake nilijaza beseni, nikapiga magoti, nikashika kamba ya kiatu. Uliniuma mkono chini ya kiwiko ukashikilia. Nilisikia meno yakifika kwenye mfupa. Papa Elia akaja mbio, "Mwachie! Ineza, mwachie!" na wewe ukazidi kukaza. Sikupiga kelele, kwa sababu unamjua mama wa chumba cha pili, angekuwa mlangoni kabla sijafunga mdomo. Nilikaa sakafuni nawe, damu ikidondoka ndani ya maji ya kuoga, nikangoja taya lako lichoke. Lilichoka. Ukautazama mkono wangu, ukautazama mlango, ukajikunja kungoja kipigo. Kipigo hakikuja, na nikaona machoni mwako kwamba umenidharau. Ulifikiri mimi ni mjinga au mwoga. Labda vyote.

Wiki ile ile ulimpiga Elia kwa mwiko wa ugali, akaota nundu kubwa, kosa lake ni kuingiza mguu wake ndani ya kiatu chako. Mtoto wa miaka minne. Alilia kwa Kizulu cha chekechea, maana akiumia hasemi Kiswahili. Halafu akauokota mwiko, akakurudishia mkononi, akakaa karibu nawe kama kuku anayetafuta joto. Hukujua umfanye nini. Ndipo ukamfundisha ule mchezo wenu: mmoja anagonga mlango na kupaza sauti "askari wanakuja!", wote mnaingia chini ya kitanda, na atakayecheka amekufa. Elia alicheka kila mara. Nilikuwa nasonga ugali nikikusikia, "Umekufa tena! We mjinga, mbona unakufa kila siku?" Nami sikujua kama niwaache au niwakataze. Niliwaacha. Ilikuwa mara ya kwanza wewe kucheza.

Nilikuelewa kuliko ulivyodhani, Ineza. Nilipokuwa mdogo kuliko wewe kidogo, askari waliingia Baraka asubuhi watu wakiwa mashambani. Mama yangu alinilaza katikati ya mihogo. Nilikuwa na kikohozi. Akaniziba mdomo na pua kwa kiganja, kwa nguvu zake zote, nikaanza kuona giza. Nikamuuma. Nikauma mpaka nikaonja damu yake, na hakuutoa mkono. Karibu na pale walimkuta jirani yetu, mzee wa watu aliyekuwa akipalilia, wakamkata kwa panga. Tulisikia panga na sauti yake, kisha tukasikia panga tu. Walipoondoka mama aliniachia, nikavuta hewa, na jambo la kwanza nililofanya ni kumpiga ngumi ya tumbo.

Miaka mingi niliamini mama alitaka kuniua siku ile. Niliwasimulia watu hivyo. Nilimwambia hata yeye mwenyewe nilipokuwa msichana mkubwa mwenye mdomo, na yeye akaendelea kuchambua maharage. Alikufa mimi nikiwa njiani kuja huku kusini. Nilimwelewa nilipomzaa Elia, nikamshika mara ya kwanza, nikajua ni kitu gani mkono wangu unaweza kufanya. Lakini pia nakumbuka kukosa hewa. Sikuota. Mama aliniokoa, na mama aliniumiza, na zote mbili ni kweli. Mtu akikuambia uchague moja, mwache aseme peke yake.

Sasa vitenge.

Unajua kwetu Wakongomani, siku ya shukrani kanisani familia moja huvaa kitambaa kimoja, kuanzia baba hadi mtoto wa mgongoni, ili akiangalia mtu toka mbali ajue: wale ni wa fulani. Nilitaka ujulikane wewe ni wa fulani. Nikachagua kitenge cha kijani chenye mapepeo ya rangi ya machungwa, kitambaa cha makelele, kipofu angekiona. Tukaenda kwenye kiduka cha Papa Elia cha kushona nguo pale Marshalltown, chini ya lile jengo la ofisi, akupime. Ulipoona tepu inakuja shingoni ulipiga yowe mpaka wapita njia wakachungulia ndani. Papa Elia akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Sharp, sawa," akasema, "sikugusi. Nipe lile gauni lako la zamani."

Akalitandaza mezani, akaanza kulipima hilo badala yako. "Gauni, simama wima. Gauni, inua mkono. Eish, gauni, mbona unanenepa?" Ulikuwa chini ya meza ya kukatia. Kutoka huko ikasikika sauti:

"Linataka mfuko."

"Nani anataka mfuko?"

"Gauni. Linasema linataka mfuko."

Akashona mfuko. Ukatia mkono ndani yake siku nzima kama umeficha ndege.

Jumapili ya shukrani ilipofika, maneno yalikuwa yameshajaa mitaani. Watu walitumiana sauti kwenye simu: wageni msitoke, msiongee lugha zenu barabarani, msivae vitu vya kwenu. Papa Elia alisimama na shati lake la kitenge mkononi. "Furaha, leo tuvae za kawaida." Nikamjibu, "Leo ndiyo siku ya Ineza. Tuvae." Alinitazama, akavaa. Hilo ni langu. Usije ukaligawa na mtu, ni langu lote.

Na kanisani! Kila aliyekuona aliuliza, "Na huyu mrembo ni wa nani?" Hukumjibu hata mmoja. Ulichukua pindo la gauni lako ukaliweka juu ya pindo la gauni langu, ukawatazama usoni. Basi. Mama wa kwaya akapiga vigelegele ukaruka. Nilipokaa kusikiliza mahubiri sikusikia chochote, nilikuwa nimelishika lile pindo.

Baada ya ibada Papa Elia alitaka kupitia dukani kuchukua suti za harusi za mteja, akasema aende peke yake, sisi tupande gari. Nikasema twende wote. Tulikata kona tukakutana na moshi.

Unakumbuka, lakini naandika kwa sababu ulikuwa umefunga macho sehemu nyingine, na Elia atakapokua atauliza. Wanaume walijaza barabara upande hadi upande. Walikuwa na rungu, chupa, mawe ya barabarani, fimbo za gofu, na mmoja alikuwa na shoka la kupasulia kuni. Walikuwa wakiimba. Robot, zile taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, kisha kijani, kisha nyekundu, na hakuna gari. Fundi viatu wa Malawi, yule anayekupigia mluzi, alikuwa amelala chini ya robot uso ukiwa nyama tupu, kiatu cha mteja bado kiko mkononi mwake, na vijana wawili walikuwa wanamrukia kifuani kwa zamu. "Hambani! Rudini kwenu! Makwerekwere, wageni mbwa nyie!" Wengine walikuwa wanang'oa mlango wa chuma wa duka letu kwa mtaimbo.

"Nguo za watu!" Papa Elia akapiga kelele, kama kwamba ndani kulikuwa na watoto. Akakimbia kuwaelekea.

Nilibaki nanyi wawili kando ya yule bibi anayechoma mahindi, ambaye sote tunamwita Gogo. Yeye ni Mzulu wa hapa hapa. Alitutazama vile vitenge, akashika kichwa.

"Mama, nguo hizo! Zivue! Zivue sasa hivi, watawaua!"

Nilikuwa na gauni la ndani na sweta. Langu nikalitoa kwa kichwa, shati la Elia likatoka na vifungo, nikavisukuma chini ya gunia la mahindi. Wewe ukakumbatia kifua.

"Ineza, vua!"

"Hapana! Ni langu!"

"Vua, watatuua!"

"Ulinipa! Ni langu!"

Nikakupiga kofi. Ukaanguka, mdomo ukapasuka. Nikakuwekea goti kifuani nikavuta, na mishono ya Papa Elia ni migumu, nikaing'ata begani kwa meno kama fisi, nikararua mpaka chini, na ule mfuko ukatoka na nusu ya mbele. Ulikuwa unanipiga mateke, kisha ghafla ukaacha. Ukalegea kabisa. Ukanitazama vile ulivyonitazama siku ya beseni, ila mara hii kipigo ulichokingoja kilikuwa kimefika. Ukasema polepole, "Umenitoa."

Sikuwa na nafasi ya kukujibu. Jibu ni hili, limechelewa lakini ni hili: sikukutoa. Nilikuwa nalifuta jina letu mgongoni mwako kwa sababu jina hilo lilikuwa linatafutwa na watu wenye shoka. Na bado najua kilichokupata. Kitu pekee kilichowaambia watu wewe ni wa fulani, huyo fulani mwenyewe amekichana kwa meno. Nakuambia tena yale ya mihogoni. Niliokoa, na niliumiza. Sitakuomba uchukue la kwanza uliache la pili.

Gogo alikufunika blanketi lake, akatusukuma nyuma ya jiko la makaa. Wakaja. Mbele alikuwa kijana wa kofia nyekundu, ana fimbo ya gofu, umri wake si mkubwa, dada yangu mkubwa angeweza kumzaa.

"Gogo, hawa nani?"

"Wajukuu zangu."

"Na huyu?"

"Binti yangu."

Akacheka. "Binti yako ametoka mbali, Gogo." Kisha akachuchumaa mbele yako. Akakuuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama mwalimu mzuri: huyu ni mama yako? Damu ya kofi langu ilikuwa bado inakutoka mdomoni. Ukanitazama. Ukasema, kwa Kiingereza chako cha Lusaka, "Hapana. Si mama yangu."

Pigo la kwanza nililisikia kabla ya kuliona, mlio kama fimbo kavu ikivunjwa, na zilikuwa mbavu zangu. Nikamlalia Elia. Fimbo ikashuka tena, kisha buti kwenye mgongo, kisha buti kwenye sikio, na mtu mwingine akajiunga bila hata kuuliza nimefanya nini. Nilimsikia Elia chini yangu akisema kwa sauti ndogo, "Nimekufa, mama, nimekufa," maana ndivyo mchezo wenu unavyosema. Ndipo Gogo akalishika lile jiko la bati kwa mikono mitupu akalimwaga, makaa yote, juu ya miguu ya yule kijana. Aliruka akapiga ukunga. Wenzake wakamcheka: "Gogo amekuchoma kama hindi!" Huko mbele kioo kikubwa kikavunjika, wakasikia kuna mali, wakakimbia wote, naye akichechemea nyuma yao. Ikaisha hivyo. Walipata kitu kizuri zaidi cha kufanya.

Papa Elia alirudi mkono ukining'inia, mfupa umeinama pasipostahili kuinama. Hakuwa na suti hata moja. Nyuma yake duka lilikuwa linawaka na cherehani zote mbili ndani. Fundi viatu alipona, jicho moja limekwenda. Gogo bado ana mafuta ya kuungua viganjani, na kila nikimpelekea chakula ananigombeza nimeweka pilipili.

Sasa nisikilize vizuri, weka kidole hapa.

Ulisema kweli. Sikuwa mama yako. Karatasi hakuna, hujawahi kuniita hivyo, na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimekuwekea goti kifuani. Mtoto yeyote mwenye akili timamu angesema hapana. Mimi ningesema hapana na tusi juu yake. Na yule kijana hakuja na swali, alikuja na fimbo. Ungesema ndiyo, angeuliza lingine, na lingine, mpaka afike pale alipotaka kufika. Aliyetoka nyumbani kwake kwenda kupiga haongojei jibu la mtoto. Alikutumia wewe ili mkono wake uonekane safi. Hilo ni ovu kuliko hata fimbo, na ni lake. Si lako. Nimekuachia mizigo mingi mwezi huu, huo si mmojawapo.

Nimeshamwambia Mama Grace. Nilimpigia simu nikamweleza kofi, goti na meno.

"Hilo litaandikwa, Furaha. Siwezi kulificha."

"Liandike."

Papa Elia alikuwa kitandani na plasta yake, akaniangalia kama nimeichoma cherehani ya tatu. "Sasa hilo nani angemwambia?"

"Ineza."

"Ineza hasemi."

"Ndiyo maana nimesema mimi. Akiamua kusema, asione kama anatusaliti."

Akageukia ukutani. Baadaye kidogo akasema, "Na goti ulilitaja?" Nikasema nililitaja. Akasema, "Basi, imetosha."

Huenda wakatunyima. Nisikudanganye. Huenda wakaona nyumba yenye mama wa kurarua, baba wa mkono mmoja, duka la majivu, na mji ambao watu wake wengine wanatutaka tufe, wakasema mtoto abaki alipo. Wakisema hivyo sitawaita wabaya. Lakini natumaini. Mimi natumaini vibaya, kama mlevi anavyokunywa, hata pesa ikiisha. Tayari nimemwomba mwenye nyumba kile chumba kidogo cha nyuma. Papa Elia hajui. Sasa na wewe unajua, nyamaza.

Kwa hiyo ukikalishwa kwenye kile kiti, sema unachotaka. Ukisema hapana, hakuna atakayeanguka. Nitalia, ndiyo, nitalia mpaka mama wa chumba cha pili apate habari ya mwezi mzima, kisha nitanawa uso nisonge ugali. Mbavu zangu zitabaki mahali pake. Ukisema sijui, hilo nalo ni jibu, waache wangoje, watu wazima wamezoea kungoja. Ukisema ndiyo, usiseme kwa sababu unafikiri nakudai deni la fimbo. Sema kwa sababu unamtaka Elia mjinga anayekufa kila siku, na Papa Elia anayeongea na nguo, na mimi. Na waambie kuhusu kofi. Waambie vizuri, usilipunguze.

Kuna kitu kingine ambacho nilikuwa nimeamua nisikiseme. Tangu nimelala na mbavu hizi, kila asubuhi nakuta kikombe cha maji sakafuni kando ya kichwa changu. Papa Elia wa mkono mmoja hajui hata vikombe vinakaa wapi. Elia nikimuuliza anasema, "Siyo mimi, na siyo yeye, amesema nisiseme." Nakunywa yote. Nilitaka ujue nakunywa yote.

Leo mchana ulipokuwa unafunga begi ndipo ulipoongea. Ulikuwa umenipa mgongo.

"Usije stendi."

Nikafikiri, basi, hataki hata kuniona nikiwa namsindikiza. Nikakuuliza kwa nini.

"Kuna wanaume pale. Wataniuliza tena." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nitasema nini?"

Ukaingia nyuma ya kabati kabla sijafungua mdomo. Saa hii umelala, umemkumbatia Elia kwa mkono mmoja kama mtu anayembana mwizi, na mimi ndiyo kwanza nimepata la kukujibu.

Nitakuja stendi. Utanikasirikia na utanuna njia nzima, nami nitaichukua hasira hiyo kwa mikono miwili, sijawahi kununiwa na wewe kwa kunihurumia. Papa Elia ana mkono mmoja, mimi nina mbavu nusu, tukiungana tunatosha kubeba begi la mtoto mmoja. Kondakta, kabla ya kumpandisha mtoto, huuliza kwa sauti stendi nzima isikie: mtoto huyu ni wa nani? Atauliza tu, ni kazi yake. Wewe usijibu. Una safari nzima ya kufikiri, na baada ya safari una miezi. Kesho swali hilo si lako. Nitalijibu mimi, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza changu kibovu, mbele ya yeyote atakayekuwa amesimama pale na chochote atakachokuwa ameshika. Nikishajibu, panda, tafuta kiti cha dirishani.

Ni mimi,
Furaha